Mistari ya Mkaa kwenye Mlango wa Ghala

Mlango wa ghala la kijiji chetu, huku upande wa Goweko, ulikuwa na mistari ya mkaa kwenye mwimo wa kushoto. Mgeni akiiona alidhani watoto wamechezea. Watoto wapi! Ile mistari ilikuwa ni sisi wanawake, na kila mmoja ulikuwa na mwenyewe. Aliyeichora ni Bibi Maendeleo.

Jina lake nalijua na silitaji, maana hakuna aliyemwita kwa jina. Serikali ilimleta kwa cheo hicho na sisi tukamwita kwa cheo hicho. Kazi yake ilikuwa kupita kwenye vijiji vipya vya ujamaa kuwafundisha wanawake kupika, kushona na kutunza miili yao. Vijiji saba, baiskeli moja.

Alikuwa mrefu. Mimi si mfupi, lakini nikisimama mbele yake macho yangu yaliishia kwenye kidevu chake. Baiskeli yenyewe ilikuwa ya kiume, ile yenye bomba la juu, naye amevaa gauni na khanga mbili, na mpaka leo hakuna anayejua alipandaje bila goti kuonekana. Wazee walimlalamikia kwenye mkutano wa kijiji. Mmoja akasimama akasema mwanamke kupanda baiskeli kunaharibu kizazi. Alimjibu pale pale, mbele ya mwenyekiti:

"Mzee wangu, kizazi changu kimeshamaliza kazi, kimestaafu. Sasa nakitembeza."

Wanaume waliinama. Sisi wanawake tulicheka mpaka tukashikana.

Alikuwa mtu wa mjini Tabora, wa zile nyumba za zamani za Waislamu, na Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi. Sisi tulikuwa Wanyamwezi wa jembe, Wakatoliki na Wamoraviani tuliochanganywa pamoja mwaka ule tulipohamishwa kutoka kwenye mashamba yetu. Majumbani tulisema Kinyamwezi. Mwanzoni alisema maneno mengi nasi tukamtazama tu. Baadaye akaanza kutusalimu "Mwangaluka", kwa lafudhi mbaya sana, na hapo ndipo tulipompenda.

Kasoro alikuwa nazo, na mimi sitamsafisha kwa sababu tu alinifaa. Alinusa ugoro. Atasimama atuambie usafi wa mikono, usafi wa pua, kisha atageukia ukutani afanye "hf, hf", arudi machozi yanamtoka aendelee na somo. Tukimuuliza anasema, "Kijiji kizima mnalima tumbaku, nani wa kuninyooshea kidole?" Tena alikuwa hali kwa watu. Ukimkaribisha ugali, anashukuru, anasema amekula alikotoka. Na alikotoka, tulikuja kugundua, aliwaambia atakula kwetu. Nilichomwona akiweka mdomoni kwa macho yangu ni chai ya rangi yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Hilo likumbukeni, nitalirudia.

Masomo yalikuwa ndani ya ghala, katikati ya magunia. Siku ya kwanza alituonyesha kupika dagaa waliokuja kwa treni kutoka Kigoma, na karanga, na majani ya kunde. Akatuambia dagaa asitolewe kichwa wala mfupa, kwa sababu mfupa wa dagaa ndio unaokwenda kwenye mfupa wako. Harufu ikatoka nje. Mara mwenyekiti wa kijiji akaingia, na nyuma yake mabalozi wa nyumba kumi wote, wanasema wamekuja kukagua. Walikagua sufuria mpaka chini. Sisi wenye somo tulibaki na maji ya kunawa. Wiki iliyofuata Bibi Maendeleo aliweka somo saa ile ile wanaume walipokuwa wanapangiwa zamu za kuchoma kuni kwenye mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, na aliyetoka kwenye zamu alikuwa anatozwa faini. Tulikula dagaa wetu wote.

Alitukalisha kwenye magogo matatu. La kwanza wasichana walioanza kuona siku zao. La pili sisi wenye kuzaa na kunyonyesha. La tatu, waliofunga, maana yake wale ambao hedhi imekoma. Hawa wa gogo la tatu walikuja kwa kusindikiza tu. Mama mkwe wangu alikuwa mmoja wao, amekaa kwa mbali anasokota kamba.

Bibi Maendeleo akawaanza hao.

"Nyinyi ndio darasa la kwanza."

"Sisi?" mama mkwe akasema. "Binti wa mjini, fundisha hawa wenye watoto. Sisi tumemaliza."

"Mmemaliza kuzaa. Kuishi mmemaliza?"

Akaeleza. Mimi sikusoma, nilijua kuandika baadaye kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo nasema alivyosema. Alisema msichana na mwenye kuzaa wanapoteza damu, kwa hiyo wale maharage, majani mabichi na nyama ikipatikana, ili damu irudi. Damu ikikoma, kuna kitu mwilini kilichokuwa kinailinda mifupa, nacho kinaondoka pamoja nayo. Mifupa inaanza kuliwa ndani kama mti wenye mchwa, nje huoni. Na moyo nao unapoteza mlinzi, ndiyo maana utaona mwanamke hakuwahi kuumwa kichwa maisha yake yote, akishafunga anapandwa na presha. Tumbo linanenepa hata kama chakula ni kile kile. Kwa hiyo, alisema, tonge lipungue, mboga iongezeke, chumvi ipungue, na maziwa yasikose. Na mtembee, msikae kama magunia.

Siku moja, katikati ya maneno hayo, uso ukamlowa jasho. Ilikuwa kipupwe, sisi tumejifunika. Akavua mtandio, akachukua lile bango la kufundishia lenye picha za mayai na mapapai, akajipepea nalo.

"Mnaona? Hili ndilo joto lenyewe. Linanipanda kutoka kifuani. Sina homa, sina jini, sijarogwa. Ni huku kufunga. Nani mwingine linampanda?"

Mkono mmoja ukanyanyuka. Halafu wa pili, wa tano. Kumbe kuna mwanamke alikuwa ameshatoa mbuzi kwa mganga kwa ajili ya lile joto. Alilia kwa hasira ya mbuzi wake.

Mama mkwe hakunyanyua mkono.

Sasa niseme habari ya mama mkwe, kwa sababu bila yeye huwezi kumwelewa Bibi Maendeleo. Kwenye nyumba ile nilikoolewa walikuwa na desturi yao ya kibuyu. Mama mwenye nyumba ndiye anayeshika kibuyu cha maziwa ya mgando. Anakifukiza kwa kijinga cha moto, anakisukasuka, anawagawia watu, na yeye anakunywa. Siku anapojua kwamba amefunga, anamwita mkamwana wake mkubwa mbele ya watu, anamkabidhi kibuyu, na tangu siku hiyo hanywi tena kutoka ndani yake. Walisema maziwa ni ya wenye kutoa maziwa. Mimi nilikabidhiwa nikiwa na mtoto mgongoni, na sitaficha, nilijiona malkia. Sikumfikiria aliyetoa. Alikuwa mwanamke wa kuinua gunia peke yake, akanipa kibuyu akanawa mikono, basi. Kuanzia siku ile akawa anakula ugali na chumvi, au michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chai, mboga nzuri anawasogezea wajukuu.

Bibi Maendeleo alipoanza kutupima urefu pale mlangoni, mama mkwe alikubali kwa sababu aliona ni mchezo. Unasimama, visigino ukutani, anaweka ubao juu ya kichwa chako, anachora mstari wa mkaa, na pembeni anachora alama yako, maana wengi hatukujua kusoma. Mimi nilichagua jembe. Mama mkwe alichagua pembe ya ndovu, kwa sababu babu yake alikuwa mpagazi wa zile safari za zamani, alibeba pembe kutoka huku mpaka pwani akarudi kwa miguu. Kila mavuno ya tumbaku yakiisha, tunapimwa tena.

Mavuno ya tatu, mama mkwe alisimama chini ya mstari wake. Vidole viwili chini. Nikaweka vidole vyangu mwenyewe pale kwenye nafasi. Viliingia vyote viwili.

"Umeuhamisha," mama mkwe alimwambia.

"Sijaugusa, mama."

"Basi mlango umekua."

Watu wakacheka. Bibi Maendeleo hakucheka. Alimshika mgongoni, pale juu kati ya mabega, pameanza kujikunja kama kishikio cha kikapu.

"Unakunywa maziwa?"

"Nilishakabidhi kibuyu."

"Tangu lini?"

"Tangu huyu ananyonyesha wa pili." Akanionyesha mimi. Wa pili alikuwa ameshaanza shule.

"Mama, utavunjika."

"Babu yangu alibeba pembe hadi pwani, mgongo umenyooka, na uzeeni hakunywa tone la maziwa!"

"Babu yako alikuwa mwanamume. Hakuwa na damu ya kukoma."

Mama mkwe akaondoka. Miezi mingapi hakukanyaga ghalani, sijui. Bibi Maendeleo akawa anakuja nyumbani kila alipopita kijijini, anategesha baiskeli ukutani, anakaa. Mama mkwe anamgeuzia mgongo, na ule mgongo ndio uliokuwa unazidi kusema. Mimi katikati. Nilikuwa nashika kibuyu kila asubuhi, nawagawia watoto na mume wangu, najimiminia, na yule aliyenipa namwona anatembea anatazama miguu yake. Maziwa yalianza kunishinda kumeza. Nikamwambia mume wangu. Akasema, "Ni mila ya kwetu, hukuikuta?" Nikanyamaza. Hilo najilaumu mpaka leo.

Kisha mama mkwe akajikwaa kwenye kizingiti cha bani. Hakuanguka toka juu, hakubeba kitu. Alijikwaa tu, akajishika kwa mkono, na mkono ukavunjika pale kwenye kifundo kama kijiti kikavu. Mlio wake niliusikia mimi niliyekuwa nafunga majani ya tumbaku ndani. Fundi wa mifupa akaufunga kwa vipande vya mwanzi. Alipona, lakini mkono ukapinda, hakuweza tena kusokota kamba.

Bibi Maendeleo alikuja siku ya nne. Mume wangu alikuwepo, na mashemeji wawili. Alisalimu, akakaa chini kwenye mkeka karibu na mama mkwe, na safari hii hakufundisha kitu. Halafu akauliza, kwa adabu kabisa:

"Baba, nieleweshe. Desturi yenu inasema mama asinywe nini?"

"Asinywe kutoka kwenye kibuyu," mume wangu akasema.

"Kibuyu hiki?"

"Hicho."

"Nimekiona. Sikigusi." Akafungua mkoba wake, akatoa kikombe. Cha bati, cheupe, mdomo wa buluu, kimebonyea ubavuni. Ndicho alichokuwa anakunywea chai yake kila kijiji. "Na kikombe mababu walisema nini juu yake?"

Mashemeji wakatazamana.

"Vikombe havikuwepo," mmoja akasema.

"Basi hakuna aliyekikataza."

"Na maziwa yatatoka wapi kama si kwenye kibuyu?" mama mkwe mwenyewe akadakia. Kumbe alikuwa anasikiliza.

"Yatatoka kwa ng'ombe, mama, kama yanavyotoka siku zote. Wakikamua, wajaze kikombe kwanza, mkamwana wako ayachemshe. Yanayobaki ndiyo yaende kwenye kibuyu. Ya kwako hayatakijua kibuyu kabisa."

Mume wangu akajikuna kichwa. "Bibi, wewe ni mjanja."

"Mimi ni mtu wa mjini. Tumezoea njia za uani."

Tukamtazama mama mkwe. Alikitazama kile kikombe muda mrefu, akauangalia na mkono wake uliofungwa mianzi. Akasema:

"Mnasubiri nini? Lete, ninywe haraka kabla babu yangu hajasikia."

Nilikimbia jikoni. Nikarudi na kikombe kimejaa maziwa ya moto, na tangu siku ile kikombe kikabaki kwetu.

Bibi Maendeleo hakumdanganya. Alimwambia wazi vidole viwili vimekwenda, havirudi, tunalinda vilivyobaki. Kila asubuhi kikombe kimoja, dagaa na vichwa vyao, majani ya kunde, na kutembea mpaka kisimani hata kama hachoti. Mavuno yaliyofuata mama mkwe akaenda ghalani mwenyewe, akasimama kwenye mwimo. Mstari ule ule wa chini, wa mwaka uliopita; hakupungua tena. Akakataa kuamini, akapimwa mara ya pili. Kisha akawageukia wanawake wenzake wa gogo la tatu akawaambia, "Kanywe maziwa, wajinga nyinyi," utadhani ni yeye aliyeyagundua.

Aliishi miaka mingi, mguu wala nyonga haikuvunjika. Alikufa kwa homa ya kichomi, na siku ya mwisho alikunywa nusu kikombe akaniambia nimalizie.

Mimi nilipofunga, nilimwita mkamwana wangu mbele ya watu kama ilivyo desturi. Nikamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili. Alipokuwa anafurahi, nikatoa kile kikombe cha bati kutoka kwenye pindo la khanga, nikakiinua wote wakione.

"Kibuyu chako. Kikombe changu. Asubuhi kinajazwa kwanza."

Hakuna aliyebisha. Na mwanamke yeyote wa ukoo ule leo akikabidhi kibuyu, ananunua kikombe wiki hiyo hiyo. Hilo ni langu, najivunia, msiniambie nijinyenyekeze.

Bibi Maendeleo alikuwa ameshastaafu. Vijiji vilibadilika, ghala likaezuliwa bati, mlango nikaambiwa umechukuliwa na mtu akatengenezea banda. Miaka ikapita. Siku nilipokwenda mjini kupimwa presha, nilikuwa nimebeba mgando kwenye dumu dogo na kikombe kwenye kikapu, nikamuulizia mpaka nikafika nyumbani kwake.

Alikuwa barazani, fimbo pembeni. Nikapiga magoti nusu.

"Shikamoo, Bibi Maendeleo."

"Marahaba. Wewe ni yule wa alama ya jembe."

Akasimama kunikaribisha. Mtu yule niliyekuwa naishia kidevuni mwake, sasa nilikuwa naona upande wa pili wa baraza juu ya mtandio wake. Alikuwa ameteleza akichukua udhu, nyonga ikavunjika, akalala miezi. Ilipounga akabaki na fimbo.

Nikamuuliza bila kuzunguka, maana naye alinifundisha hivyo. "Ulikuwa unakunywa maziwa?"

"Mimi?" Akatafuta ugoro wake, akauacha. "Nilikuwa na vijiji saba. Nikifika nyumbani nimechoka, nakunywa chai, nalala. Nilijiona mimi ni mwalimu tu. Sikujua kama nami nimo kwenye gogo la tatu."

"Ulijua. Ulijipepea na bango mbele yetu."

"Nilijua," akasema. "Kujua nilijua."

Tukakaa. Mjukuu wake wa kike akaleta chai, ile ile ya kusimamisha kijiko. Nikaisogeza kando. Nikafungua kikapu, nikatoa kikombe, nikakiweka mbele yake. Alikitambua kwa ule ubonyeo.

"Hiki nilikiazimisha."

"Ndiyo nimekirudisha."

"Miaka yote hii?"

"Kilikuwa na kazi."

Nikamimina mgando mpaka kwenye mdomo wa buluu. Akasema maziwa yanamkoroga tumbo. Nikasema mabichi ndiyo yanayokoroga, haya yameganda siku mbili, ajaribu. Akaonja, akakunja uso kama mtoto, akasema hayana sukari. Nikasema hayana, na hayatakuwa nayo. Akanywa. Polepole, lakini alinywa, mpaka nikaona bati chini.

Halafu akanyanyuka kwa fimbo yake, akaenda mpaka kwenye mlango wa chumba chake, akasimama, visigino ukutani kama alivyokuwa akituamuru sisi.

"Chukua mkaa jikoni," akaniambia.

Nikachukua. Sikuwa na ubao, nikaweka kiganja juu ya kichwa chake, nikachora mstari, nikakandamiza usifutike. Nikamuuliza nimwekee alama gani, akasema baiskeli. Nilichora magurudumu mawili na bomba la juu.

"Nitarudi mavuno yakiisha," nikamwambia. "Nitapima."

Aligeuka akautazama mstari, na jinsi ulivyokuwa chini, akautazama sana.

"Ukinikuta nimepungua," akasema, "sema mlango umekua."

"Sisemi," nikamwambia. Nikaliacha dumu la mgando kwa mjukuu wake, nikamwonyesha kikombe, nikamwambia kinajazwa asubuhi, na kinajazwa kwanza.